Kitalu nyumba cha matao Mtwara na Lindi: dalili, chanzo na marekebisho

Kitalu nyumba cha matao, yaani mabomba ya plastiki yaliyokunjwa na kufunikwa nailoni, wengi wamekiona kwanza nyanda za baridi: Njombe, Iringa, Lushoto. Huko kinajengwa ili kitunze joto. Pwani ya kusini joto tunalo la kutosha, tena la ziada. Huku kazi yake ni kuzuia mvua isipige majani kati ya Desemba na Aprili, kupunguza ukali wa jua na kuwanyima wadudu njia. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa chini hutokana na kunakili nyumba ya baridi na kuisimamisha Mikindani au Nachingwea ikiwa imefungwa pande zote.

Maelezo yanachukua mfano wa nyumba ya bustani ya nyumbani yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 8. Ina matao 9, moja kila mita, na kila tao ni bomba moja la inchi 1 lenye urefu wa mita 6. Bomba huvishwa kwenye vigingi vya nondo, viwili kwa kila tao, jumla 18. Nondo mbili za mita 12 zikikatwa vipande vya mita moja hutoa 24, kwa hiyo sita zinazobaki utazitumia kufungia kamba za kushikilia nyumba. Kwa upana huo kilele hufika kama mita 2.2. Ukitanua upana hadi mita 3.6, kilele hushuka hadi kama mita 2, na kila sentimita unayopoteza juu inaongeza joto kichwani mwa mimea. Usitanue.

Kabla ya kutafuta ugonjwa wowote, pima joto. Ning'iniza kipimajoto kwenye kimo cha mimea, kiwe kivulini, na kingine nje chini ya mti. Soma saa nane mchana siku ya jua. Ndani pakizidi nje kwa nyuzi 3 au 4 na zaidi, shida yako ya kwanza ni hewa, hata kama unachokiona wewe ni majani ya manjano au maua kuanguka.

Mimea inalegea mchana na kusimama tena jioni. Maua ya nyanya yanapukutika

Udongo ukiwa na unyevu na mimea bado inalegea, hilo ni joto. Nyanya za kawaida hushindwa kutunga matunda joto la mchana likipita nyuzi 32 hadi 35, au usiku likibaki juu ya nyuzi 21 hadi 24, kwa sababu chavua huharibika. Kati ya Desemba na Machi usiku wa Mtwara mjini peke yake unatosha kuleta shida hiyo, kwa hiyo hakuna nyumba ya nailoni itakayoiondoa kabisa. Miezi hiyo panda mbegu zilizotengenezwa kwa ajili ya joto, au panda bamia, pilipili na mchicha, nyanya uzipangie kuchanua Juni hadi Agosti.

Kinachorekebishika ni joto linaloongezwa na nyumba yenyewe. Ondoa nailoni ya pembeni. Iache paani tu, ishuke hadi mita 1.2 kutoka ardhini, na sehemu iliyobaki uweke neti. Pande mbili za mita 8 kwa mita 1.2 zinakupa uwazi wa mita za mraba 19 kwenye sakafu ya mita za mraba 24. Uwazi huo unaonekana mkubwa kupita kiasi, lakini neti yenye matundu madogo huzuia sehemu kubwa ya upepo, kwa hiyo unachopata ni kidogo kuliko unavyodhani. Kwenye ncha mbili za nyumba acha dirisha la neti karibu na kilele, maana hewa ya moto hupanda na isipopata pa kutokea inakaa pale juu na kushuka taratibu.

Shedineti, yaani neti ya kivuli, husaidia ikiwekwa mahali pake. Ikilala moja kwa moja juu ya nailoni, inapata moto na kuupitisha chini. Inyanyue sentimita 15 hadi 20 juu ya nailoni kwa kamba zilizofungwa kwenye nguzo za nje. Kwa nyanya, pilipili na matango tumia inayozuia asilimia 30 au 35 ya jua. Ile ya asilimia 70 inayouzwa sana kwa kuezekea vibanda inafaa miche midogo, na hata hiyo kwa siku chache. Mimea mirefu, myembamba, yenye majani yaliyo mbalimbali kwenye shina inakuambia kwamba kivuli kimezidi.

Nyanya zinaiva rangi ya chungwa, hazifikii wekundu

Ni joto lile lile. Rangi nyekundu ya nyanya haitengenezwi vizuri joto likizidi nyuzi 30 hivi. Vuna zikianza kubadilika rangi, uziivishie ndani ya nyumba mahali penye ubaridi. Usikimbilie kuongeza mbolea.

Maua yapo, joto si baya, matunda hayashiki

Ndani ya neti nyuki hawaingii na upepo ni mdogo. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe lakini linahitaji kutikiswa: kati ya saa tatu na saa tano asubuhi gonga kamba inayoshikilia mimea, kila siku mbili. Matango, matikiti na maboga yana maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Chuma ua la kiume, ondoa petali, paka chavua katikati ya ua la kike, lile lenye kitunda kidogo shingoni. Fanya mapema asubuhi. Kwa matango, nunua aina isiyohitaji uchavushaji na kazi hiyo utaisahau.

Nailoni inapasuka kabla ya wakati wake

Angalia imepasuka wapi. Mahali penyewe panataja chanzo.

Ikiwa imegeuka ngumu na kukatika kama karatasi sehemu zote zinazopigwa na jua, ulinunua nailoni ya ujenzi. Hiyo haina kinga ya mionzi ya jua, na pwani yetu huimaliza kwa miezi. Nailoni ya kitalu nyumba huwa na unene wa mikroni 200 na hiyo kinga ndani yake, na ikitunzwa hukaa misimu kadhaa. Unene peke yake si ushahidi, kwa hiyo uliza kuhusu kinga ya jua na uandikiwe kwenye risiti. Kwa nyumba ya mfano wetu unahitaji kipande chenye urefu wa mita 10, ili kila upande wa mwisho uwe na mita moja ya kukunja na kufunga.

Ikiwa imepasuka kwa mistari inayofuata matao, bomba ndilo linaloila. Kuna mambo mawili kwa pamoja: bomba la kijivu au jeusi hupata moto sana chini ya nailoni, na plastiki ya PVC inayo klorini inayodhoofisha ile kinga ya jua. Paka matao rangi nyeupe ya maji mikono miwili na yakauke kabisa, au zungushia kitambaa cheupe sehemu yote ya juu. Kazi hii hufanywa kabla ya kufunika. Baadaye haiwezekani bila kuvua nailoni.

Ikiwa imechanika kwenye viungo na ncha, tafuta kilichochomoza: bainding waya iliyosokotwa ikabaki nje, ncha ya bomba iliyokatwa kwa msumeno bila kulainishwa, kichwa cha msumari. Kunja waya uelekee chini, funika kila kiungo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Usipigilie misumari kwenye nailoni tupu. Ibane kwa vibanio: kata vipande vya sentimita 10 vya bomba kubwa kwa saizi moja kuliko tao, vipasue kwa urefu, lainisha kingo kwa msasa, weka tyubu katikati kisha sukuma kibanio mpaka kishike.

Ikiwa imechakaa katikati ya matao, ilikuwa inapigapiga. Nailoni hulegea kwa joto na kukaza kwa ubaridi, hivyo ukiifunga alfajiri itakuwa imelegea ifikapo mchana. Funga saa tatu hadi nne asubuhi, jua likiwa limeshaipasha lakini upepo wa bahari haujaanza. Juu yake pitisha kamba ya manila kwa zigizaga, upande hadi upande, katikati ya kila matao mawili.

Kuna chanzo kingine ambacho ni cha huku kwetu hasa. Kati ya Juni na Agosti mikorosho hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga. Salfa inaharibu viambata vya kinga ya jua vilivyomo ndani ya nailoni, kwa njia ileile ya klorini ya bomba. Nyumba iliyo jirani na mikorosho inaweza kupoteza paa mapema sana, na mwenyewe akamlaumu muuza duka. Salfa ikitua kwenye matango au maboga siku ya jua kali huunguza majani pia. Unapochagua mahali pa kujenga, kaa upande ambao upepo wa kusi unatokea ukilinganisha na mikorosho, yaani kusini-mashariki yake, ili vumbi lipeperushwe mbali nawe. Pasipo nafasi hiyo, zungumza na jirani akujulishe siku ya kupuliza. Kazi hiyo hufanywa alfajiri kukiwa na umande, kwa hiyo tandika turubai juu ya paa na pembeni tangu jioni ya kuamkia, na siku hiyo hiyo osha nailoni kwa maji safi na kitambaa laini. Usitumie ufagio wa chelewa, unakwaruza.

Maji yanatuama juu ya paa

Kidimbwi cha mita moja kwa nusu mita chenye kina cha sentimita 10 kina lita 50, nazo ni kilo 50 zinazoning'inia kwenye bomba la plastiki. Chanzo ni matao kuwa mbali (mita moja na nusu au zaidi), kukosa bomba la kilele, au nailoni kulegea. Weka mabomba matatu ya urefu mzima, moja kileleni na mawili mabegani. Hayo ni mita 24, yaani mabomba manne mengine, na jumla ya nyumba inakuwa mabomba 13, bila yale ya mshazari yanayotajwa hapa chini. Yafunge upande wa ndani wa matao yasiguse nailoni. Kwa dharura, sukuma maji kutoka ndani kwa kichwa cha ufagio kilichofungwa nguo. Usitoboe tundu.

Matao yanalala upande mmoja au vigingi vinang'oka

Kwenye mchanga wa Mtwara mjini, Lindi au Kilwa, na hata mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, kigingi kilichozama sentimita 40 hakishiki kitu mvua ikishalowesha ardhi. Zamisha sentimita 70 na kuacha 30 juu. Nondo ikicheza ndani ya bomba, zungushia tyubu hadi ibane, maana kule kucheza ndiko kunakopasua bomba chini. Kamba za pembeni usizifunge kwenye kigingi kilichosimama tu. Fukia gogo au mfuko uliojaa mchanga kina cha sentimita 60, uliolazwa kukingama na kamba, nondo ikipita juu yake. Kisha funga mabomba mawili ya mshazari kila ncha ya nyumba, moja kila ubavu, kuanzia chini ya tao la mwisho hadi begani mwa tao la tatu. Nyumba nyingi huanguka kwa urefu wake, matao yakilaliana, na mshazari huo ndio unaozuia.

Mwelekeo nao una uzito. Mahali pa wazi karibu na ufuo, elekeza ncha ya nyumba kwenye kusi ili ubavu usipigwe. Bara, Masasi au Newala, kwenye miti na majengo ya kukinga, geuza ubavu uelekee upepo ili nyumba ipumue.

Tangazo la kimbunga kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa likitoka, vua nailoni. Fremu tupu hupona; iliyofunikwa hugeuka tanga. Kenneth cha Aprili 2019, kilichotua kaskazini mwa Msumbiji, na Hidaya cha Mei 2024 vyote vilikuja mwishoni mwa mvua, wakati watu wameshaona msimu umepita. Ukiwa umetumia vibanio badala ya misumari, watu wawili wanavua paa hilo kwa muda mfupi.

Nguzo za mlango zikilegea bila upepo, chimba uangalie mchwa. Ziinue juu ya zege au tumia chuma kilichopakwa rangi. Oili chafu ya magari isiwekwe karibu na mboga. Na miti ya mikoko haikatwi bila kibali, hata kama mtu anakuuzia kwa bei nafuu.

Kingo za majani zinaungua, ukoko mweupe juu ya udongo

Hii ni chumvi. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na shamba la nje husafishwa na mvua kila mwaka, lakini ndani ya nyumba mvua haifiki. Kila umwagiliaji na kila kijiko cha mbolea huacha kitu, maji yakivukizwa kinabaki juu. Kuongeza mbolea kwa kuona majani yanaungua ni kuzidisha tatizo.

Mwagilia kwa wingi mara moja, maji yapite kabisa chini ya mizizi, bora yawe ya mvua. Paa la mita za mraba 24 linakupa lita 24 kwa kila milimita ya mvua. Mvua ya milimita 50 ni lita 1,200, na hata ukipoteza sehemu ya tano bado unajaza karibu simtanki la lita 1,000. Pasua bomba la inchi 4 kwa urefu, lifunge chini ya ukingo wa nailoni likiinama kidogo kuelekea tanki. Uwandani Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya shida, mfereji huu peke yake ni sababu nzuri ya kujenga. Baada ya mavuno ya msimu wa Machi, vua nailoni ya paa uiache mvua ya mwisho ioshe udongo.

Kitako cha nyanya kinakuwa cheusi na kuzama

Tunda limekosa kalisi (kalsiamu). Mara nyingi kalisi ipo udongoni, ila maji yanakuja leo mengi, kesho hakuna, na mmea hauwezi kuifikisha kwenye tunda. Mchanga haushikilii maji: gawanya umwagiliaji mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, na changanya ndoo mbili za samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba kabla ya kupanda. Mpira wa matone uwe na tundu karibu na shina, kwa kuwa kwenye mchanga tone huenda chini bila kutanuka. Weka vikopo chini ya tundu la kwanza na la mwisho kwa dakika kumi. Vikitofautiana sana, safisha chujio na fungua mwisho wa mpira utoe uchafu.

Ukungu kwenye majani, hasa wakati wa mvua

Madoa ya manjano juu, vumbi la kijani kizito chini ya jani: hewa imesimama. Wengi huongeza idadi ya mimea ili nyumba ilipe gharama yake, na hapo ndipo hasara inapoanza. Kwa matuta mawili ya upana wa mita moja, mistari miwili kila tuta, nafasi ya sentimita 60, unapata miche 52 ya nyanya. Inatosha. Toa majani yote yaliyo chini ya kichala cha kwanza, mwagilia asubuhi na si jioni, na kama umeweka pazia la nailoni pembeni, usilishushe usiku isipokuwa mvua ya upepo inaingia.

Wadudu wamo ndani ingawa neti ipo

Inzi weupe, wanaoeneza ule ugonjwa wa majani kujikunja ambao wakulima huuita rasta, huzuiwa na neti ya meshi 50, yaani yenye matundu 50 kwa kila inchi. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, ni mkubwa zaidi na neti pana kidogo inamtosha. Kwa hiyo wakiwemo ndani, waliingia mlangoni, chini ya neti, au na miche. Fukia neti sentimita 20, weka mapazia mawili ya mlango yenye nafasi ya mita moja kati yake, na kagua upande wa chini wa majani ya kila mche kabla haujaingia. Utitiri mwekundu ukionekana, vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba, ndani ni pakavu na pa moto kupita kiasi; nyunyizia maji chini ya majani asubuhi kabla ya kugusa sumu.

Mmea mmoja unanyauka ukiwa kijani, kisha jirani yake

Huu hauamki jioni. Kata shina karibu na ardhi, tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa. Ng'oa na mizizi yake, choma, usihamishe udongo huo kwa jembe. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo zote zinaushika, kwa hiyo kubadilishana hizo si mzunguko wa mazao. Kama hakuna uzi lakini mizizi ina vinundu, ni minyoo fundo, wanaopenda sana mchanga wetu.

Kwa minyoo fundo kuna kazi ya Oktoba na Novemba, jua likiwa kali na mvua bado. Toa mabaki yote ya mimea, lainisha udongo, mwagilia hadi sentimita 30, tandika nailoni angavu juu ya matuta na fukia kingo zake. Kisha funga nyumba nzima kwa nailoni, pande zenye neti, madirisha na mlango, kwa wiki nne hadi sita. Joto tulilokuwa tunalitoa mwaka mzima sasa linafanya kazi kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu. Bakteria wa mnyauko hupungua tu, wengine wamejificha chini zaidi, hivyo msimu unaofuata weka nyanya kwenye viroba vya udongo safi vilivyoinuliwa juu ya kokoto, na kwenye matuta panda mchicha au vitunguu. Ukifungua, usilime tena kina kirefu, utarudisha juu kilichobaki hai chini.